Shajara ya mradi: mgonjwa ni mgomba

4 Machi

Daftari la zamani lilitumbukia kwenye sinki wiki iliyopita na kurasa nzima za tarakimu zimebaki mawingu ya bluu. Naanza upya, safari hii kwenye kompyuta, na kwa maneno ya kawaida, maana wenzetu wa maabara nyingine wameomba niwatumie.

Mradi una kazi mbili. Ya kwanza ni yetu wenyewe: machipukizi ya mchare, aina ya ndizi ya kupika, tuliyoyatoa kwenye vihamba (mashamba ya nyumbani) vya Machame na huku Meru yanachafuka ndani ya chupa. Si ukungu. Ukungu ungejionyesha siku ya nne na chupa ingetupwa. Hiki ni kitu kama maziwa yaliyotiwa maji, kinazunguka shina pale linapogusa agari, ile jeli ya kuoteshea, na kinajitokeza baada ya miezi miwili mitatu, wakati umeshahesabu miche na kuwaahidi watu.

Kazi ya pili ni ya ushirikiano. Mwenzetu aliyeko Nairobi anataka kutia jeni kwenye tumbaku, kisha kwenye mgomba, kwa vibali vya huko. Hapa Tengeru hatutii jeni yoyote. Sisi tunampimia dawa: kiasi gani cha kiuavijasumu kinaua tishu isiyo na kinga, na kiasi gani kinaua bakteria bila kuugusa mmea.

7 Machi

Kijana wa mafunzo kaniuliza swali zuri: "Kama dawa ni ya kuua bakteria, mbona mnaitumia kuua mmea?"

Nimemchorea ubaoni. Kutia jeni kwa njia hii kunamtegemea bakteria aitwaye Agrobakteria, ambaye huko shambani husababisha uvimbe kwenye mimea kwa kupenyeza kipande cha DNA yake ndani ya chembe ya mmea. Wataalamu walimnyang'anya jeni za uvimbe wakamwachia ufundi wa kupenyeza. Vipande vya jani vinakaa naye siku mbili tatu, basi. Baada ya hapo kazi yake imekwisha, ila yeye hajui kwamba imekwisha. Ukimwacha, ndani ya wiki amefunika sahani yote. Kwa hiyo dawa ya kwanza ni ya kumfukuza mgeni: sefotaksimu, karbenisilini, au tikarsilini iliyochanganywa na asidi ya klavulani. Hizi zinavuruga ujenzi wa ukuta wa bakteria. Ukuta wa mmea ni wa selulosi, kitu kingine kabisa, ndiyo maana mmea unazivumilia.

Dawa ya pili ni ya kuchuja. Chembe chache mno ndizo zinazopokea jeni, nyingine zote zinabaki kama zilivyokuwa. Pamoja na jeni unayoitaka unapeleka jeni ya kinga, kisha unaweka kanamaisini au higromaisini kwenye midia, yaani chakula cha mmea ndani ya chupa au sahani, ili zisizo na kinga zife. Sahani moja, dawa mbili, moja haitakiwi kuugusa mmea na nyingine inatakiwa kuuua. Mimi nilizichanganya mwaka mzima wa kwanza, sikumwambia kijana.

13 Machi

Jana nilipanda kifodi kwenda mjini kutafuta sefotaksimu. Duka la kwanza hawana, la pili hawana. La tatu kaka wa kaunta akauliza cheti cha daktari kiko wapi. Nikamwambia si ya mtu.

"Ya ng'ombe?"

"Ya mgomba."

Akanyamaza, akamwita mfamasia kutoka nyuma. Mama wa makamo, miwani inaning'inia kwa kamba shingoni.

"Mwanangu, hebu rudia. Mgonjwa ni nani?"

Nikarudia.

"Na uzito wake?"

Nikacheka, yeye hakucheka. Alitaka barua yenye muhuri wa maabara, na alikuwa na haki. Hizi ni dawa zilezile za wodini, na kila anayezichukua ovyo anawafundisha bakteria kuzizoea. Leo nimerudi na barua. Sefotaksimu hakuwa nayo, ila seftriaksoni, vichupa vya gramu moja, ipo tele. "Ni ndugu hawa," akasema, "wote sefalosporini kizazi cha tatu."

14 Machi

Ndugu kweli, lakini kila ndugu ana tabia yake. Jana usiku nilimsimulia dada yangu, yeye ni muuguzi, akaniambia papo hapo: "Seftriaksoni hatuichanganyi na Ringa, yale maji ya dripu, kuna kalsiamu mle." Nilikuwa natafuna ndizi, nikaacha. Midia tunayotumia, ile ya Murashige na Skoog ya mwaka 1962, ina miligramu 440 za kloridi ya kalsiamu kwa lita.

Asubuhi nimejaribu kabla sijavua hata koti. Nimechukua mililita moja ya stoku ya kalsiamu, yaani myeyuko mzito tunaouzimua baadaye, maji safi kabisa yanayopitisha mwanga, nikadondosha seftriaksoni tone moja. Tone lilishuka likaacha mkia mweupe. La pili, la tatu, nikatikisa: tui. Tui la nazi kabisa, na baada ya robo saa likatulia chini kama chokaa.

Midia yenyewe ina kalsiamu kidogo sana kuliko stoku, huenda isingeganda hivyo. Lakini sitaki kukaa miezi mitatu nikijiuliza kama mmea umenyauka kwa dawa au kwa kukosa kalsiamu. Seftriaksoni nimeirudisha dukani ikiwa haijafunguliwa, isipokuwa kichupa kimoja. Sefotaksimu itaagizwa Dar, ije na basi.

15 Machi

Tukiisubiri, nimeanza mchare na jentamaisini. Ampuli za miligramu 80 ndani ya mililita 2 zipo kila duka, na dawa yenyewe haiogopi joto, waweza hata kuipitisha kwenye otoklevu, chungu cha mvuke cha kuua vijidudu, pamoja na midia. Chupa ishirini zina miligramu 50 kwa lita, ishirini miligramu 100, ishirini hazina kitu. Machipukizi yote yametoka kwenye ukoo mmoja uliochafuka, yaani uzao wa mgomba mmoja.

Maji ni yaliyokenekwa, kama kawaida. Ya bomba la huku yana floraidi, meno yetu ni ushahidi.

29 Machi

Wiki mbili. Chupa zisizo na dawa zote zina pete ya maziwa. Zenye 50, pete kwenye nne tu. Zenye 100, hakuna hata moja. Nimepiga picha nikamtumia Mwalimu anayenisimamia, akajibu kwa neno moja: "Subiri."

5 Aprili

Nimesubiri. Kwenye 100 majani mapya yanatoka na rangi ya limau linaloanza kuiva, na mizizi ambayo ilitakiwa kuwa na urefu wa kidole imegoma kwenye nusu sentimita. Chipukizi ni safi, ila ni kama mtoto aliyelazwa muda mrefu.

Nimehamisha nusu ya machipukizi safi kwenye midia isiyo na dawa.

16 Aprili

Pete zimerudi. Si zote, ila nyingi. Siku kumi na moja tu.

Nimekaa na Mwalimu hadi saa kumi na mbili jioni kwenye benchi la nje. Maelezo yake: bakteria hawa hawakai juu ya ngozi, wangekuwa juu Jiki ingewamaliza siku ya kwanza. Wanaishi ndani, katikati ya maganda ya majani yaliyofungana, waliingia na mgomba mama tangu kihambani. Dawa imeijaza agari, imewaua waliotoka nje, na pete imetoweka. Ndani imefika kidogo, kwa kiasi cha kuwanyamazisha. Ukiitoa, wanaanza tena kusema. Mwezi huu mzima nilikuwa nikihesabu chupa zenye dawa kama chupa safi. Kumbe nilikuwa nahesabu chupa zilizonyamaza.

Tumekubaliana mambo mawili. Jentamaisini isiwe ya kudumu kwenye midia. Na kila ukoo mpya upimwe mapema: unakata kipande cha chini ya shina, unakichovya kwenye mchuzi wenye chakula cha kuoteshea bakteria, unauacha sehemu yenye joto. Mchuzi ukibaki maji, ukoo unaendelea. Ukigeuka kama maziwa, ukoo wote unatupwa, hata kama chupa zinapendeza. Mwanzoni tutakata ncha ndogo zaidi pia, ile ya milimita moja hivi, ingawa nyingi zitakufa kwa udogo.

17 Aprili

Sefotaksimu imefika, boksi limelowa mvua ila vichupa vizima.

Fundi wetu wa midia, sote tunamwita Mama, amenipa somo. Dawa hii haipiti kwenye otoklevu. Inayeyushwa kwenye maji, inachujwa kwa kichujio chenye matundu ya mikromita 0.22, na inaingizwa midia ikishapoa lakini haijaganda, nyuzi 50 hivi. Hatumii kipimajoto. Anaishika chupa, anaiweka kwenye mkono wa ndani karibu na kiwiko, anahesabu hadi kumi. "Ukiruka kwenye tatu, unaichemsha dawa. Ukifika kumi na tano, utamimina uji."

Mimi niliruka kwenye sita. Tukasubiri.

Tumbaku imeanza leo: vipande vya jani vya sentimita moja, kanamaisini 0, 50, 100, 200 na 300, zote miligramu kwa lita. Zote zina sefotaksimu 250, kwa sababu ndivyo Nairobi watakavyofanya.

2 Mei

Naandika hili taratibu kwa sababu ndiyo siku niliyoisubiri tangu shuleni.

Sahani ya sifuri imejaa vichipukizi, kijani, vimesongamana kama mchicha uliopandwa na mtoto. Ya 50 ina vichache. Ya 100 kuna kitu ambacho sikuwa nimekiona kwa macho yangu: kipande cha jani la zamani bado ni kijani, ila pembeni yake vimechomoza vichipukizi vitatu vyeupe. Si njano, vyeupe, kama kucha. Vina umbo kamili, majani mawili mawili, na hakuna tone la kijani. Kwenye 200 na 300 hakuna kilichochomoza, kingo zimekuwa za kahawia.

Sababu yake napenda kuisimulia. Kanamaisini inavuruga ribosomu za bakteria, vile viwanda vidogo vya kutengeneza protini. Ribosomu za chembe ya mmea kwa ujumla ni za aina nyingine na zinasumbuliwa nayo kidogo tu. Lakini kloroplasti, kile kinachoupa mmea kijani, asili yake ni bakteria aliyehamia ndani ya chembe zama za kale na hakuondoka tena, na ribosomu zake bado ni za kibakteria. Dawa inamtambua kwa asili yake, haijali amekaa humo muda gani. Jani la zamani linabaki kijani kwa sababu kijani chake kilishatengenezwa kabla. Kipya ndicho kinachokosa.

Jeni ya kinga inayotumika sana, nptII, ilitoka kwa bakteria pia, na kimeng'enya chake kinaishika kanamaisini na kuibandika fosfati, dawa ikabaki mle mle haina meno. Tumbaku ilipotiwa jeni mara ya kwanza, mwaka 1983, kinga ya kanamaisini ndiyo iliyotumika kuitambua.

3 Mei

Mwalimu kaangalia sahani zangu kwa dakika kumi hivi, kaziweka chini.

"Hii ya sifuri ina sefotaksimu?"

"Ndiyo, Mwalimu. 250."

"Isiyo na chochote iko wapi?"

Haipo. Sikuiweka. Kwa hiyo sijui vile vichipukizi vingi vya sifuri ni vya kawaida ya tumbaku hii, au ni sefotaksimu imevichochea, au imevipunguza. Kwenye mimea mingine sefotaksimu huongeza machipukizi, kwenye mingine huyazuia, na kwa hii yangu sina hata sahani moja ya kulinganisha. Wiki mbili zimekwenda kwa sababu ya sahani tatu nilizozionea uvivu.

Si hivyo tu. Nimerudia hesabu. Stoku ina miligramu 100 kwa mililita, chupa ya midia ilikuwa ya nusu lita, nilitakiwa kutia mililita 1.25. Kwenye karatasi yangu, kwa mwandiko wangu: 2.5. Zile zote zilikuwa na 500.

Nimemwambia Mwalimu mwenyewe kabla hajaiona. Akasema, "Haya, mwanangu, sasa tunajua 500 inafanyaje," akaenda kunywa chai.

6 Mei

Marudio yameanza. Safari hii kuna sahani tupu, za sefotaksimu 250 na 500, za karbenisilini 500, na za kanamaisini peke yake. Kila chupa inaandikwa ujazo wake kwa kalamu nyekundu kabla ya kushika pipeti.

20 Mei

Umeme ulikatika Jumamosi usiku hadi Jumatatu, na jenereta haikuwa na mafuta. Stoku ya sefotaksimu iliyokuwa kwenye friza imeyeyuka na kugeuka rangi ya chai ya rangi. Nimeimwaga kwenye chombo cha taka za dawa. Ilikuwa inatakiwa kuwa njano hafifu.

Hata bila umeme kukatika, dawa hii haikai. Ndani ya midia, chini ya taa, inapungua siku hadi siku. Ndiyo maana vipande vinahamishiwa midia mpya kila wiki mbili. Nairobi wanajua hili. Niliwahi kusikia mtu anasema "dawa imekataa kufanya kazi" kumbe sahani ina wiki tano.

27 Mei

Marudio yamesomeka.

Tupu na sefotaksimu 250: sioni tofauti. 500: vichipukizi vichache kidogo na vimechelewa. Karbenisilini 500 ndiyo ya ajabu. Vipande vimenenepa, vimevimba pembeni, vimeota kalasi, yaani tishu isiyo na umbo, nono ya kijani mpauko kama koliflawa, na vichipukizi vimepungua. Kijana wa mafunzo akadhani nimekosea homoni. Sikukosea. Karbenisilini ikivunjika inaacha asidi ya fenilasetiki, ambayo kwa mmea ni oksini dhaifu. Ukitia dawa ya bakteria, umetia na homoni bila kukusudia.

Jioni nikamwandikia mwenzetu wa Nairobi kwamba karbenisilini simshauri. Akajibu kwamba asingeweza kuitumia hata kwa bure: bakteria wake ni AGL1, na huyo ana jeni ya kuikata karbenisilini tangu alipotengenezwa. Nilijisikia mjinga kwa kutouliza mapema aina ya bakteria. Ndilo swali la kwanza. Bakteria hawa wa maabara kila mmoja ana dawa zake anazozicheka, yule LBA4404 streptomaisini, mwingine jentamaisini. Ukinunua dawa kabla ya kujua jina lake, umenunua maji.

11 Juni

Baridi. Chumba cha ukuaji kimeshuka hadi nyuzi 21 alfajiri na mchare hapendi.

Kanamaisini kwenye mgomba: kama ilivyo kwa ndugu zake wenye jani la mistari sambamba, unaivumilia kuliko tumbaku. Kwenye 100 machipukizi yamepauka kidogo na yanaendelea kukua, yananiangalia. Kwa kuchuja tishu hilo ni balaa, kwa sababu zisizo na kinga zitapita katikati ya zilizo nayo na utazilea miezi sita ukidhani umepata. Higromaisini haina mzaha: kwenye 25 ncha zimeanza kuwa nyeusi siku ya tisa, kwenye 50 zimekufa zote. Yenyewe inashika hata ribosomu za chembe yenyewe, si za kloroplasti tu, na kwa sababu hiyohiyo mimi ninayeipima navaa glavu mbili.

Shida ni kwamba jeni ya kinga ya Nairobi ni nptII, na hiyo haiikingi chembe dhidi ya higromaisini. Nimependekeza G418, dawa ya jamii moja na kanamaisini. Kimeng'enya cha nptII kinaiondolea meno kama kanamaisini, na mgomba usio na kinga hauivumilii hivyo. Bei yake lakini, Mungu atusaidie.

14 Juni

Taka. Nimekuta mtu ametoka kupitisha chupa za kanamaisini kwenye otoklevu, anazimwaga kwenye mtaro. Bakteria wamekufa, sawa. Kanamaisini lakini inastahimili joto la nyuzi 121 kwa sehemu kubwa, kwa hiyo kinachoenda mtaroni ni dawa, na mtaro unaishia kwenye mashamba ya mboga kule chini. Sefotaksimu ingeharibika kwa mvuke. Hizi mbili zisichanganywe ndoo moja. Nimeandika bango kwa herufi kubwa, Mama amelisahihisha kiswahili chake na kulibandika juu ya sinki.

25 Juni

Mirija ya mchuzi ya koo mpya za mchare: kumi na nane. Kumi na moja imekuwa maziwa ndani ya siku tatu, hizo zimekwenda. Saba bado ni maji. Kati ya saba, mbili zimetoka kwa bibi mmoja wa Machame, kwenye mgomba ule alionikatalia nisiuchimbe sana kwa sababu ndio wa mtori wa wazazi wanaojifungua nyumbani kwake.

Chupa za koo hizi hazina dawa yoyote. Mirija nitaisoma tena siku ya kumi na nne.

9 Julai

Mmoja kati ya saba umechelewa kuchafuka, siku ya kumi na mbili. Sita.

Jedwali la dozi limekwenda Nairobi: sefotaksimu 250, midia mpya kila wiki mbili, kanamaisini 100 kwa tumbaku, G418 kwa mgomba ianze kwa sahani chache. Chini nimeongeza mstari kuhusu sahani tupu.

Bibi amepiga simu kuuliza mgonjwa wake anaendeleaje.